Nasaba za jeni: zinaungana au zinakutana?

SWALI: Nasoma baiolojia hapa Dar es Salaam. Natafsiri maelezo ya modeli ya kihesabu inayofuata nakala za jeni kurudi nyuma hadi nakala moja iliyozizaa zote. Nimeandika: "Nasaba zinaungana kwa babu wa mwisho." Mwenzangu kaikataa sentensi nzima. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, ingawa angeweza kulibakiza neno moja. "Nasaba" ni zuri sana.

Tuanze na kitenzi. Kaa mkekani kwenye msiba Manzese na watu wawili wasiojuana. Haichukui muda utasikia, "Kumbe sisi ndugu, tunakutana kwa bibi." Bibi mwenyewe pengine hawakumwona. Zinazokutana ni nasaba, zikihesabiwa kurudi nyuma, na ndivyo inavyohesabu modeli aliyoitoa mwanahisabati John Kingman wa Uingereza mwaka 1982. Mathalani, watu 10,000 wana nakala 20,000 za jeni moja, kwani kila mtu anazo mbili. Kama urithi ni wa bahati nasibu tu, nakala mbili zina nafasi 1 kati ya 20,000 ya kukutana katika kizazi kilichotangulia. Kwa wastani zitakutana vizazi 20,000 nyuma. "Kuungana" kunapotosha: mito huungana ikienda mbele, ilhali jeni ikienda mbele hutawanyika.

"Babu" nalo halifai. Nakala hupitia kwa bibi sawa na kwa babu, na jeni za mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, hurithiwa kwa mama. Hapo utamwitaje babu? Usikimbilie "mhenga" pia. Neno hilo limebeba busara, na siku hizi mjini hata mtu wa miaka arobaini anajiita mhenga. Mimi ningechukua "chimbuko", lisilo la kiume wala la kike.

Limebaki "wa mwisho". Anayehesabu kurudi nyuma, wa mwisho wake ni wa mbali kabisa. Wewe unamtaka wa kwanza kufikiwa. Andika "karibu zaidi".

Basi: "Nasaba za nakala hizi zinakutana katika chimbuko la pamoja lililo karibu zaidi." Nimeweka "katika", si "kwa", kwa sababu tunakutana kwa bibi, ambaye ni mtu; chimbuko si mtu.