Kabla ya Kushuka Jehanamu katika Diablo II, Hesabu Kinga Zako

Mhusika niliyempenda kuliko wote katika mchezo wa kompyuta wa Diablo II alikuwa mchawi wa kiwango cha 81, na alikufa kufumba na kufumbua. Nilikuwa nacheza katika ile hali ambayo mhusika akifa hafufuki, na nilikuwa nimemlea kwa majuma mengi hadi tukafika ndani ya ngome ya Mlima Arreat, katika ugumu wa Jehanamu, ambao ni wa tatu na wa mwisho. Nilipinda kona moja, nikaona roho tatu za buluu zikielea gizani, mwale mweupe ukapita, na lile duara jekundu la uhai lililoko chini kushoto, ambalo lilikuwa limejaa pomoni, likabaki tupu kabla kidole changu hakijafika kwenye chupa ya dawa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba niliyajua yale yaliyomuua: kwenye ukurasa wa mhusika, kinga yake dhidi ya umeme ilikuwa imeandikwa -20 kwa rangi nyekundu, nami niliiona na kuipuuza kwa sababu moto wake ulikuwa ukiteketeza kila kilichosimama mbele yetu.

Mchezo huu uliotoka mwaka 2000, na ambao bado unawavuta wageni wengi tangu uliposafishwa upya mwaka 2021, una kinga nne za kuangalia: moto, baridi, umeme na sumu. Kila moja hupunguza madhara kwa asilimia, na ukomo wake wa kawaida ni 75, ingawa baadhi ya vifaa vinaweza kuusogeza ukomo huo hadi 95. Chukua pigo la umeme la 400. Mwenye kinga ya 75 ataumia kwa 100, mwenye 50 ataumia kwa 200, na mchawi wangu wa -20 alikuwa anabeba 480. Tazama vizuri hapo katikati: kutoka 50 hadi 75 unapunguza nusu nzima ya pigo, kwa hiyo zile pointi za mwisho, ambazo wengi huziona ni za urembo, ndizo zenye uzito kuliko zote.

Jambo linalowanasa wachezaji wengi ni makato. Katika toleo lenye nyongeza ya mwaka 2001, ukiingia ugumu wa pili, yaani Jinamizi, kila kinga inakatwa 40, na ukiingia Jehanamu makato yanakuwa 100. Maana yake ni kwamba aliyemaliza ugumu wa kwanza akiwa na 75 kamili, asiyebadilisha kitu njiani, atajikuta Jehanamu akiwa na -25. Anayetaka kufikisha 75 huko anahitaji kukusanya 175, na kwa kuwa kumwokoa Anya, mwanamke aliyetekwa katika Sura ya Tano, humpa mhusika 10 za kudumu kwa kila kinga katika kila ugumu, 30 kati ya hizo zinapatikana bila kutegemea bahati. Usiiruke kazi hiyo hata ukiwa na haraka kiasi gani.

Zinazobaki huanzia kwenye ngao. Katika Sura hiyo hiyo ya Tano, ukiwaokoa askari 15 waliotekwa, kamanda wao Qual-Kehk atakuzawadia runi tatu, yaani vijiwe vya uchawi vinavyopachikwa kwenye vifaa: Ral, Ort na Tal. Tafuta ngao ya kawaida yenye matundu matatu kamili, isiyo na uchawi wowote, uzipachike kwa mpangilio huo huo wa Ral, Ort, Tal, kwa sababu ukikosea mpangilio runi zimepotea bure. Ngao itakayotoka inaongeza zaidi ya 40 kwa kila moja ya kinga nne, na binafsi sijaona kifaa kingine kinachopatikana mapema hivyo chenye manufaa ya namna hiyo.

Kisha kuna hirizi, ambazo hufanya kazi zikiwa ndani ya mkoba tu. Mkoba una vyumba 40, na najua inavyouma kupoteza nafasi ya kubebea mali, lakini hirizi ndogo inayochukua chumba kimoja inaweza kuziba pengo ambalo silaha mpya hailizibi. Siku hizi mistari miwili ya chini ya mkoba wangu ni ya hirizi peke yake, na za umeme ndizo ninazozitunza kwanza.

Mchawi ninayemlea sasa ana kiwango cha 78. Anaua polepole kuliko yule wa kwanza, kwa sababu nilimvua fimbo yenye nguvu ili apate mkono wa kushikia ngao, na kila nikipata kifaa kipya narudi kwanza mjini kupitia lango, nafungua ukurasa wake, nasoma namba nne za chini kabla ya kurudi mapangoni. Jana umeme wake ulikuwa 68. Nimebakiza hirizi moja au mbili kabla sijampandisha tena Arreat.