Jibu: Je, ni upanga peke yake uliowafanya Waajemi kuwa Washia?

Ndugu, umeuliza kama ni upanga peke yake uliowageuza Waajemi, ambao wengi wao walikuwa Wasunni, wakawa Washia zama za ukoo wa Safavi, uliotawala Iran. Upanga ulikuwepo, wala haifai kuuficha: mwaka 1501 Shah Ismail wa ukoo huo, kijana wa miaka 14, aliingia Tabriz na kutangaza Ushia wa Ithnaashari, yaani wa wanaofuata Maimamu 12, kuwa madhehebu ya dola, huku akizungukwa na wapiganaji wa Kizilbashi waliovaa kofia nyekundu zenye mikunjo 12, mmoja kwa kila Imamu, na baadhi ya waliokataa waliuawa.

Lakini upanga haumfundishi mtu fiqhi, yaani sheria za dini. Kwa kuwa wanazuoni wa madhehebu hayo walikuwa wachache nchini, watawala waliwaita maulamaa wa Kiarabu kutoka Jabal Amil, katika Lebanoni ya leo, nao wakafundisha, wakatoa fatwa na kulea kizazi kipya cha wanafunzi, kazi ya subira iliyoendelea kwa zaidi ya karne moja.

Alama yao ungali unaiona katika mji wa Isfahan, Iran, ambako Shah Abbas wa Kwanza alijenga msikiti wenye jina la mmoja wao, Sheikh Lotfollah. Msikiti huo hauna minara wala ua, na ukisimama chini ya kuba lake utaona mwanga wa dirishani ukichora mkia wa tausi katikati ya dari. Kwangu mimi, hapo ndipo penye jibu la swali lako kuliko katika uwanja wowote wa vita.