Je, Nitaulizwa kwa Aliyoyatenda Mhusika Wangu Ndani ya Gemu?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni kijana wa miaka 23 kutoka familia yenye uwezo mkubwa. Sijawahi kukosa nilichokitaka wala sijawahi kufanya kazi. Miaka miwili sasa nacheza gemu ya uhalisia pepe. Unavaa miwani, unashika vishikio mikononi, na unajiona umo ndani ya dunia nyingine yenye majoka, mapanga na uchawi. Humo mimi ni mpiganaji mwenye jina jingine. Alianza hana kitu, upanga wake wa kwanza ulikuwa wa mti. Leo ni shujaa, anawagawia dhahabu wachezaji wapya, na watu wanampenda. Kule hakuna anayemjua baba yangu.

Nikivua miwani narudi kuwa mtu nisiyempenda. Ni mvivu na mkali kwa watumishi. Dereva wetu ana miaka 6 nyumbani kwetu na sijui jina la mtoto wake hata mmoja. Wiki iliyopita nilikuwa vitani, mama akaingia kuniita kwa swala ya Magharibi. Nilizungusha upanga, kishikio kikampiga kwenye kifundo cha mkono. Sikuvua miwani. Nilimwambia asubiri, kwa sababu wenzangu walikuwa wamezingirwa.

Naomba kujua: anayoyatenda mhusika wangu, kuua, kutumia uchawi, kupiga magoti kwenye madhabahu ili aongezewe nguvu, kuoana na mhusika wa mchezaji mwingine, yanaandikwa kwangu? Si ni kama ndoto tu? Na ukarimu wake, nitapata thawabu zake? Na je, nimfute?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Mwanangu, umeuliza mengi, lakini jambo zito kuliko yote umelitaja kwa kupita tu, kisha ukaendelea. Nitaanza nalo, maana ndilo linalofungua hukumu ya mengine.

Ule upanga uliompiga mama yako haupo. Hauna chuma, hauna makali, ukizima umeme umetoweka. Lakini kifundo cha mkono wa mama kiliumia kwelikweli. Kwa nini? Kwa sababu mkono uliouzungusha ni wako. Mhusika hana mkono. Ameuazima wako, kama alivyoazima ulimi wako, magoti, macho na saa zako za usiku. Basi kila unapotaka kujua kama jambo la huko linaandikwa kwako, jiulize kwanza: ndani ya tendo hili, kipi ni picha na kipi ni changu?

Umesema ni kama ndoto. Hapana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Wewe hukulala. Ulimsikia mama, ukamjibu, ukachagua. Na katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Barza al-Aslami, miguu ya mja haitaondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe umri wake aliumaliza katika nini, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma wapi na akaitumia wapi, na mwili wake aliuchakaza katika nini. Tazama hili la mwisho. Mwili unatajwa peke yake, na gemu ya namna hii huchezwa kwa mwili.

Tuje kwenye hukumu. Kuwaza na kucheza vya kubuni hakujakatazwa kwa asili yake. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka safari ya vita, upepo uliinua pazia, akaona vidude vya kuchezea vya Bibi Aisha (r.a.), na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Akauliza, "Farasi mwenye mbawa?" Bibi Aisha akamjibu, "Hukusikia kuwa Sulayman alikuwa na farasi wenye mbawa?" Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Naipenda sana Hadithi hii, na huwasomea wazazi wanaokuja kwangu wakitaka kila gemu iitwe haramu. Kuliua joka ambalo halipo si kuua nafsi, na hakuna dhambi ya damu juu yako.

Katika uchawi wa kwenye gemu, wapo wanazuoni wanaouzuia wote, kwa hoja kwamba unamzoesha mtu jambo ambalo Qur'ani imelihusisha na kufuru katika Al-Baqara, aya ya 102. Hoja yao ina uzito. Ninaloliona mimi ni kwamba kubonyeza kitufe ili moto wa picha urushwe si sihri, yaani uchawi wa kweli. Lakini ikiwa gemu inakutaka utamke kwa sauti maneno ya kuyaita majini au miungu ndipo nguvu ifunguke, usitamke. Maikrofoni inapokea ulimi wako, si wa mhusika.

Madhabahu ni jambo kubwa zaidi, nami nitakaa hapo kidogo. Kwenye skrini ya kawaida mtu hubonyeza na picha ikainama yenyewe. Kwenye miwani hii, goti linalogusa zulia la chumba chako ni lako, na paji la uso linaloshuka ndilo hilohilo unalosujudu nalo kwa Mola wako. Sahaba Muadh bin Jabal (r.a.) aliporudi kutoka Sham, yaani upande wa Syria, alimsujudia Mtume kwa heshima, kama alivyowaona watu wa kule wakiwafanyia wakubwa wao. Mtume akamkataza. Muadh hakukusudia ibada, na aliyesujudiwa alikuwa mbora wa viumbe, na bado alikatazwa. Itakuwaje kwa sanamu la kubuni? Sisemi umetoka katika Uislamu, maana hukukusudia kuabudu, na matendo huenda na nia. Nasema ni haramu kulirudia. Tubu kwa yaliyopita, na hizo nguvu za madhabahu ziache zikupite, hata kama mhusika wako atabaki dhaifu.

(Na hilo neno "avata" mnalolitumia, asili yake ni Kisanskriti, na katika imani ya Kihindu ni kushuka kwa mungu wao duniani katika umbo fulani. Siwezi kumharamishia mtu neno ambalo leo wengi wanalikusudia picha tu. Mimi mwenyewe husema mhusika, nayo inatosha.)

Kuoana. Hiyo si ndoa. Hakuna walii wa kuozesha, hakuna mashahidi, hakuna akdi, yaani mkataba wa ndoa. Lakini Mtume (s.a.w.) amesema kuna mambo matatu ambayo kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli: nikahi, talaka na kumrejea mke. Muislamu hayachezei maneno haya. Na nyuma ya huyo "mke" kuna mwanamke hai mwenye sauti, ambaye si maharimu wako. Hukuniambia mnazungumza nini mkiwa wawili, nami sikuulizi. Faragha ya chumba cha picha haipunguzi faragha ya maneno. Yavunje hayo mahusiano kwa adabu, bila kumvunjia heshima. Vivyo hivyo matusi, ahadi na hila kwa wachezaji wengine: mwenye kutukanwa ni mtu, na hukumu zake ni zilezile za sokoni na msikitini.

Hukuuliza kuhusu fedha, ila najua gemu hizi nyingi zinauza makasha ya bahati. Unalipa fedha halisi bila kujua utapata nini ndani. Hiyo ni kamari, iliyokatazwa katika Al-Maida aya ya 90, hata kama kinachotoka ni upanga wa picha. Ubelgiji, nchi isiyofuata sharia yetu, mwaka 2018 mamlaka yake ya michezo ya bahati ilitamka kuwa makasha ya namna hiyo yanaingia katika sheria ya kamari. Na ukikumbuka kuwa fedha yenyewe ni ya baba yako, soma na Al-Israa aya ya 27: wabadhirifu ni ndugu wa mashetani.

Sasa nije kwenye sentensi niliyoirudia kuisoma mara tatu katika barua yako: "Kule hakuna anayemjua baba yangu."

Mwanangu, hiyo si hamu mbaya. Umechoka kupendwa kwa mali usiyoichuma. Unataka kujua, ukinyang'anywa jina na gari na nyumba, kitabaki nini. Moyo unaouliza hivyo bado ni mzima, nami namshukuru Allah kwa ajili yako. Tatizo ni mahali ulipokwenda kutafuta jibu. Upanga wa mti ulioanza nao ulifika kwenye miwani iliyonunuliwa na baba. Umaskini wa mhusika wako umegharamiwa. Dhahabu anayogawa haipungui mfukoni mwako, na ushujaa wake haukuletei hata mchubuko. Aliyeumia ni mama.

Makka alikuwapo kijana aliyeitwa Mus'ab bin Umayr. Alilelewa katika neema, kwa mavazi mazuri na manukato, mama yake akiwa tajiri. Aliposilimu, mama huyohuyo alimfungia. Hakujibunia mtu mwingine wa kuwa. Aliiacha neema kwa mwili wake mwenyewe na jina lake mwenyewe, akatumwa Madina kabla ya Hijra kuwafundisha watu Qur'ani, na nyumba nyingi zikasilimu kupitia kwake. Mwaka wa 3 Hijria, siku ya Uhud, aliuawa akiwa amebeba bendera. Sahaba Khabbab (r.a.) anasimulia kuwa hakuacha ila shuka moja: wakimfunika kichwa, miguu inatokeza, wakimfunika miguu, kichwa kinatokeza. Mtume akaamuru afunikwe kichwa, na miguuni ziwekwe nyasi za idhkhir. Sikwambii uikimbie nyumba ya wazazi wako; wao ni Waislamu na wana haki juu yako. Nakwambia kuwa unachokitafuta kinapatikana, ila bei yake hulipwa upande huu.

Umeuliza thawabu za ukarimu wake. Dhahabu ya picha haina sadaka. Lakini Mtume (s.a.w.) amesema neno jema ni sadaka, na yule mgeni uliyemwongoza kwa upole alikuwa mtu, basi kwa upole huo nakutarajia kheri. Zaidi ya hapo, umejitolea ushahidi. Miaka miwili umethibitisha kuwa unaweza kumvumilia mtu asiyejua kitu, ukamfundisha, usimdharau. Kwa hiyo usiniambie tena kuwa ukali wako kwa watumishi ndiyo tabia yako. Mtume amesema watumishi wenu ni ndugu zenu, Allah amewaweka chini ya mikono yenu. Mwaka 2007 watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson walieleza kuwa watu waliopewa mwili mrefu ndani ya uhalisia pepe walikuwa na msimamo mkali zaidi wakati wa kugawana fedha kuliko waliopewa mwili mfupi. Vazi la kubuni humbadilisha anayelivaa. Basi na huu upole na ukarimu wa mhusika wako vinaweza kuhama, ukivihamisha kwa makusudi.

Kumfuta si wajibu kwa hukumu ya asili. Unaweza kucheza kwa sharti kwamba hakuna swala inayopita, hakuna madhabahu, hakuna mke wa kubuni, hakuna kasha la bahati, na saa zake zinajulikana. Ila Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeutaja uraibu wa gemu: mtu anashindwa kujizuia, anaitanguliza gemu mbele ya kila kitu, na anaendelea hata madhara yakionekana. Kwa kawaida dalili hizo hutazamwa kwa miezi 12. Ukijiona humo, kwako wewe kumfuta kunakuwa lazima, kwa sababu kinachopelekea kuacha swala ni haramu kama kuacha kwenyewe. Na usione aibu kumwona daktari. Kutafuta dawa ni Sunna. Nionavyo mimi kwa barua yako, uko karibu na mlango huo. Vua miwani siku 40 kisha niandikie.

Nimebakisha lile la mama. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Juraij, mcha Mungu wa Bani Israili. Mama yake alimwita naye yumo katika swala. Akasema, "Mola wangu, mama yangu na swala yangu," akaendelea kuswali. Ikawa hivyo siku tatu, mpaka mama akamwombea mtihani, na mtihani ukamfika: akazushiwa zinaa, hekalu lake likavunjwa, kabla ya Allah kumtakasa kwa ulimi wa mtoto mchanga. Huyo alimchelewesha mama kwa ajili ya ibada. Wewe ulimchelewesha kwa ajili ya wenzako waliozingirwa na maadui wasiokuwapo, naye alikuja kukuitia swala.

Leo, kabla ya Ishaa, nenda kwake. Mshike mkono uleule, mwulize kama bado unauma, umwombe radhi bila kutaja gemu kuwa udhuru. Magharibi ile kama ilikupita, ilipe usiku huu. Na kesho asubuhi, ukiingia garini, kaa mbele, umwulize dereva majina ya watoto wake.

Wallahu a'alam.