Maswali ya Wasomaji: Medicaid, Nani Hustahili na Fomu Hukwama Wapi

Wasomaji watatu walioko Marekani wameuliza kuhusu Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kila jimbo huiendesha kivyake, hivyo tunataja jimbo la muulizaji. Majibu ni kwa raia, na kwa wahamiaji ambao hali yao ya ukaazi inawaruhusu kuipata.

Mume wangu analipwa dola 4,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Mimi ni mjamzito, sifanyi kazi, na tuna watoto wawili. Ofisini wametuambia tumezidi kipato. Tuache? (Ohio)

Msiache. Nyumba nzima haipimwi kwa kipimo kimoja. Kila mtu ana chake. Kikomo cha mtu mzima wa kawaida hapo Ohio ni asilimia 138 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Kwa viwango vya 2025, familia ya watu 4 haitakiwi kupita takriban dola 3,697 kwa mwezi, kwa hiyo huenda mumeo kweli amezidi. Kikomo cha mjamzito na cha watoto ni cha juu zaidi: kinapita dola 5,300 kwa familia hiyohiyo. Tena unapopimwa wewe, mtoto aliye tumboni naye huhesabiwa, mkawa watu 5. Wengi huruka swali la ujauzito wakidhani halina maana kabla ya kujifungua. Lijaze, na kama ni mapacha, andika wawili.

Jazeni fomu moja kwa familia yote na mdai jibu la maandishi. Neno la karani dirishani si uamuzi, na kwa kawaida rufaa hukatwa dhidi ya uamuzi.

Mwaka jana nilipata dola 34,000. Sasa nimepunguziwa kazi hadi saa 20 kwa wiki, dola 15 kwa saa. Naishi peke yangu. Je, hesabu ya mwaka jana itaniponza? (Kentucky)

Mwombaji mpya hupimwa kwa kipato cha mwezi wa sasa. Dola 300 kwa wiki ni kama dola 1,300 kwa mwezi, maana mwezi huhesabiwa kuwa zaidi kidogo ya wiki 4. Kikomo cha mtu mmoja ni takriban dola 1,800 kwa viwango vya 2025. Kwa upande wa kipato, unastahili.

Tatizo huja baadaye. Kompyuta ya ofisi hulinganisha fomu yako na kumbukumbu za mishahara za miezi iliyopita, ikaona namba kubwa, nawe ukaandikiwa barua ya kutakiwa ushahidi kabla ya tarehe fulani. Usipojibu, ombi linakataliwa hata kama kipato chako ni kidogo. Basi tangulia: ambatisha slipu za mshahara za wiki 4 zilizopita na barua ya mwajiri inayotaja tarehe uliyopunguziwa saa.

Malipo ya kukosa ajira huhesabiwa kama kipato. Pesa za matunzo ya mtoto hazihesabiwi, na kwa kundi lako la watu wazima wa kawaida, gari na akiba ya benki haviangaliwi. Unaweza kuomba mwezi wowote. Uamuzi unatakiwa ndani ya siku 45. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, kwa hiyo tafadhali usimtwishe mtoto kazi hiyo.

Ifikapo 1 Januari 2027, watu wazima wengi wa kundi lako watatakiwa kuonyesha saa 80 za kazi au shughuli nyingine zinazokubaliwa kwa mwezi. Saa 20 kwa wiki zinatosha, ila usitupe slipu hata moja.

Nilihama, barua ya kuhuisha ikaenda nyumba ya zamani, bima ikakatwa. Nifanyeje? (Pennsylvania)

Hesabu siku tangu ilipokatwa. Ndani ya siku 90, peleka fomu ya kuhuisha pamoja na ushahidi wa kipato. Ofisi lazima iishughulikie bila kukuanzisha upya. Kama ulitibiwa katikati, omba pia bili za hadi miezi 3 iliyopita zilipwe. Miezi hiyo 3 itapunguzwa kuanzia 2027. Siku hiyohiyo wape anwani mpya na namba ya simu, kwani kubadilisha anwani posta peke yake hakubadilishi faili lako la Medicaid.