Ovaloki kwa mifarishi ya viraka na ushonaji wa nyumbani

Dada, umeuliza kama ununue ovaloki, ile mashine inayoshona na kuzungushia kingo za kitambaa zisifumuke, kwa ajili ya mifarishi ya viraka na nguo za nyumbani. Kwa nguo, nunua bila wasiwasi. Kwa viraka, mimi bado natumia cherehani ya kawaida.

Viraka hushonwa robo inchi kutoka ukingoni, na ukikosea kidogo kila mshono, pembe hazikutani tena. Ovaloki ina kisu kinachokata ukingo huku ikishona, kwa hiyo kilichokatwa hakirudi. Halafu mshono wake wa nyuzi nne ni mnene. Pale mishono minne inapokutana panabaki kinundu ambacho hata pasi ya moto haikilazi vizuri. Na kufumua! Kiraka kimoja kilichogeuzwa vibaya kitakumalizia jioni nzima.

Ila kwenye fulana na vitambaa vinavyovutika, hapo ndipo utaipenda. Mshono unavutika pamoja na kitambaa, haukatiki. Foronya, mapazia, ukingo wa ndani wa suruali, vyote vinatoka safi, havichomoki nyuzi. Mimi pia huitumia kuzungushia kingo za kitambaa kipya kabla ya kukifua, kisifumuke ndani ya maji.

Haitachukua nafasi ya cherehani nyumbani, maana zipu na vitundu vya vifungo haiwezi.

Na tafadhali, toa pini zote kabla hazijafika kwenye kisu. Pini moja tu inatosha kukiharibu, na kipande kilichokatika kinaweza kukurukia jichoni.