Kiuno na nyonga

Ndugu, umeuliza kama kiuno na nyonga ni kitu kimoja, kwa kuwa mama yako hulalamikia kiuno huku akishika kinena. Ni sehemu mbili tofauti. Kiuno ni pale mtu anapofungia kanga au mkanda, chini ya mbavu, na kwa nyuma hubebwa na pingili 5 za uti wa mgongo. Nyonga iko chini yake, na kiungo chake ndipo kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kinapoingia katika kikombe cha fupanyonga. Maumivu ya kiungo hicho mara nyingi husikika kwenye kinena, jambo linalowashangaza wengi. Mwombe mama amwoneshe daktari kwa kidole panapouma, maana neno kiuno mitaani limebebeshwa mengi mno.