Maswali ya Wasomaji: Vijana wa Kikapu, Australia na Mlango wa NBA

Katika toleo lililopita tulichapisha taarifa fupi kuhusu Next Stars, programu ambayo ligi ya mpira wa kikapu ya Australia, NBL, huitumia kuwasajili vijana wenye vipaji kutoka nchi mbalimbali kabla hawajaingia NBA. Tumepokea barua nyingi, kadhaa zikiwa za wazazi ambao watoto wao wanasubiri uamuzi hivi sasa. Kwa sababu hiyo ukurasa wote wa safari hii tumeutenga kwa jambo hilo.

Alexandre Sarr ni Mfaransa, lakini alipoingia NBA ilitajwa kwamba ametokea Perth, klabu ya Australia. Ligi ya Australia inafaidika nini kwa kumchukua kijana wa miaka 18 ambaye kila mtu anajua kwamba ataondoka baada ya msimu mmoja?
Mwanafunzi wa kidato cha tano, Arusha

Jibu linaanzia Marekani. Kila Juni klabu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, katika zoezi linaloitwa drafti, na tangu drafti ya 2006 haruhusiwi kuchaguliwa kijana ambaye hatimizi miaka 19 ndani ya mwaka huo. Kwa Mmarekani, ni lazima pia uwe umepita mwaka mmoja tangu darasa lake lihitimu sekondari. Kanuni hiyo ilizaa kipindi ambacho kijana amekwisha kuiva kiasi cha kulipwa, ila ligi anayoiota bado haimpokei. Zamani Mmarekani aliutumia mwaka huo chuoni, akicheza kama mchezaji wa ridhaa bila mshahara, na kijana wa Ulaya aliutumia kwenye benchi la klabu kubwa ambayo kocha wake hakuwa na haraka ya kumpanga.

Mwaka 2018 NBL ilianzisha Next Stars ili kukijaza kipindi hicho. Utaratibu wake ni mwerevu, kwa sababu ligi yenyewe ndiyo inayofunga mkataba na kijana na kumlipa, kisha inampangia klabu, na klabu hiyo haipotezi nafasi yake ya mchezaji wa kigeni wala mshahara wa kijana hauhesabiwi katika kikomo cha mishahara yake. Wakati programu inaanza, malipo yaliyotangazwa yalikuwa dola 100,000 za Australia kwa msimu. Mkataba una kifungu kinachomruhusu kijana kwenda NBA, na anapokwenda hulipwa ada ya kuuvunja. Kalenda nayo inasaidia sana: kwa kawaida msimu wa Australia huanza Septemba au Oktoba na kumalizika Machi au mwanzoni mwa Aprili, hivyo mchezaji anabakiwa na muda wa kutosha wa kupumzika na kujiandaa kwa drafti ya Juni.

Faida kubwa ya ligi, kwa maoni yangu, ni kuonekana. Mwaka 2019 Wamarekani wawili, LaMelo Ball na RJ Hampton, waliacha vyuo wakaenda, wa kwanza Illawarra Hawks na wa pili New Zealand Breakers, na ghafla watu ambao hawakuwahi kuifuatilia ligi hiyo wakaanza kukesha kuitazama, nao wasaka vipaji wa NBA wakapanda ndege kwenda Wollongong, mji wa Hawks. Ball alicheza mechi 12 tu kabla ya kuumia mguu, lakini mwaka 2020 akachaguliwa wa 3, na msimu wake wa kwanza ukamletea tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa NBA. Mwaka 2021 Josh Giddey, ambaye ni Mwaustralia na alicheza Adelaide 36ers kupitia programu hiyohiyo, alichaguliwa wa 6. Sarr mwenyewe alichaguliwa wa 2 mwaka 2024 na Washington.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hayo ni wa Ousmane Dieng, Mfaransa aliyejiunga na Breakers mwaka 2021. Miezi yake ya kwanza ilikuwa migumu mno. Mipira yake haikuingia na wanaume wa miaka 28 na 30 walimsukuma walivyotaka, lakini kocha aliendelea kumpanga, na kufikia mwisho wa msimu alikuwa mchezaji mwingine kabisa, akachaguliwa wa 11 mwaka 2022. Katika klabu inayopigania ubingwa wa Ulaya kijana wa aina hiyo angerudishwa benchi kabla ya Desemba. Kwa sababu ligi nzima inanufaika anapoendelea, Australia ina sababu ya kumvumilia, na sidhani kama kuna kitu chenye thamani zaidi ambacho programu hii inampa kijana.

Mwanangu ana miaka 16 na urefu wake ni sentimita 203. Bwana mmoja amekuja nyumbani akasema anaweza kumpeleka Australia katika hiyo programu, ila tutangulize fedha za viza na za "kushughulikia faili". Mume wangu ameshawishika. Naomba ushauri wako.
Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam

Mama, nakusihi msitoe hata shilingi moja. Ligi inayomtaka kijana ndiyo inayolipa tiketi, viza na makazi yake, na katika programu tunayoizungumzia inamlipa na mshahara juu yake. Anayeiomba familia fedha ili mtoto apate mkataba hauzi mkataba wowote.

Kuna jambo jingine ambalo mume wako anahitaji kulisikia. Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, zinazuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine kucheza, isipokuwa kwa hali maalumu zinazokubaliwa baada ya kuangaliwa masomo yake, mahali atakapoishi na ridhaa ya wazazi. Tena mchezaji aliyesajiliwa hapa huhitaji barua ya kuruhusiwa kutoka shirikisho la nchi yake, ambalo kwetu ni TBF. Mtu wa kweli angeanza na mambo hayo mawili kabla ya kutaja fedha. Muulizeni kama ana leseni ya uwakala ya FIBA, kisha mlitafute jina lake katika tovuti ya FIBA, ambako mawakala wenye leseni wameorodheshwa. Mtakeni pia barua ya klabu au ya ligi yenyewe inayomtaja mtoto kwa jina, na mwende nayo TBF kabla ya kusaini chochote. Akikasirika kwa kuombwa hayo, mmeshapata jibu.

Kuhusu mtoto mwenyewe, urefu alio nao ni neema na msiache kuulea. Hasheem Thabeet aliokota mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, akasoma na kucheza Makongo hapahapa Dar es Salaam, akaenda Marekani kwa njia ya shule, akacheza miaka mitatu katika chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies. Mwanao ana miaka 16, na kwake mwalimu mzuri wa mpira, chakula cha kutosha na cheti cha kidato cha nne vina faida kubwa kuliko safari ya haraka.

Ninafundisha michezo katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wote wanamtaja Khaman Maluach, aliyekulia hapa kwetu. Nikiwa na kijana mwenye kipaji cha kweli, nimwelekeze Australia au nimtafutie njia kama ya Maluach?
Mwalimu, Kampala

Mwalimu, kwa kijana aliyeko shuleni kwako, njia ya Maluach ndiyo inayofikika. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akalelewa Kampala, akaanza mchezo huu akiwa na miaka kama 13, kisha akapokelewa na NBA Academy Africa huko Saly, Senegal. Katika chuo hicho vijana wanasoma na kufanya mazoezi chini ya dari moja. Tangu 2022 ligi ya Afrika, BAL, iliyoanzishwa na NBA pamoja na FIBA na ambayo msimu wake wa kwanza ulichezwa Kigali mwaka 2021, ina mpango uitwao BAL Elevate unaoipa kila timu kijana mmoja kutoka chuo hicho, ili aonje mchezo wa watu wazima bila kupoteza haki ya kucheza katika vyuo vikuu vya Marekani. Kwa mpango huo Maluach alivaa jezi ya City Oilers ya Kampala mwaka 2024. Alikuwa amekwisha kuichezea timu ya taifa ya Sudan Kusini katika Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16, akaenda Olimpiki ya Paris, akasoma mwaka mmoja chuo kikuu cha Duke huko Marekani, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 akaishia Phoenix Suns.

Next Stars inakuja mwishoni mwa safari kama hiyo, na hili ndilo ninalotaka walimu walifahamu kuliko jingine lolote. Kabla ya Perth, Sarr alipita timu za vijana za Real Madrid na akakaa miaka miwili katika programu ya Overtime Elite huko Atlanta. Dieng alilelewa na kituo cha shirikisho la Ufaransa, naye Giddey alitoka katika chuo cha NBA kilichokuwa Canberra. Australia huwachukua waliokwisha kufundishwa na kuonekana, ikawapa mwaka mmoja wa kupambana na watu wazima. Haijajengwa kwa ajili ya kumwokota mtoto kwenye uwanja wa saruji wa shule, na mwalimu anayemwambia kijana wa kidato cha tatu aisubiri Australia anampotezea miaka ambayo angeitumia kujifunza kazi ya miguu na lugha ya masomo. Mpeleke kwenye kambi za vijana zinazoandaliwa na shirikisho lenu na NBA Africa, umrekodi akicheza mechi nzima badala ya kuokoteza mabao yake mazuri, na ripoti zake za darasani ziwe safi, kwa sababu chuo cha Marekani kitaziomba.

Jonathan Kuminga wa hapa Goma alipitia timu ya NBA iitwayo Ignite, si chuo wala Australia. Timu hiyo imefungwa. Kwa nini, na je, programu ya Australia nayo itakufa?
Msomaji, Goma

Ignite ilianzishwa mwaka 2020 ndani ya G League, ligi ndogo ya NBA, kwa lengo lilelile la kuwalipa vijana katika mwaka wa kusubiri. Kuminga na Jalen Green walikuwa kundi la kwanza, na mwaka 2021 wakachaguliwa wa 7 na wa 2. Kilichoiua ni fedha za vyuo. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa na makampuni kwa matumizi ya jina na sura yake. Mmarekani hodari hakuwa tena na sababu ya kukimbia chuo, na timu ikafungwa baada ya msimu wa 2023/24. Fedha hizo zimeongezeka tangu hapo: kuanzia Julai 2025, kufuatia suluhu iliyofikiwa mahakamani, chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa jumla ya dola milioni 20.5 kwa michezo yote. Kabla ya hapo, Septemba 2023, klabu ya Perth ilikwenda Nevada kucheza na Ignite mechi mbili, na aliyeteka macho ya wasaka vipaji alikuwa Sarr.

Australia imetikiswa na fedha hizohizo, na siamini kwamba itawapata tena akina LaMelo Ball kwa urahisi. Walakini ina kitu ambacho Ignite haikuwa nacho, yaani ligi halisi yenye mashabiki, ubingwa wa kugombewa na wachezaji wakomavu. Kwa kijana asiye Mmarekani kuna pia suala la viza. Viza ya mwanafunzi nchini Marekani inabana sana kazi za malipo, kwa hiyo Mkongomani au Mfaransa aliyeko chuoni huenda asizifikie fedha anazopata mwenzake wa Texas anayekaa naye benchi moja, ilhali Australia mshahara wake hauna utata. Nadhani programu itaendelea, ikiwa na vijana wa Ulaya, Waaustralia wenyewe na vijana wa Amerika ya Kilatini wengi kuliko Wamarekani.

Asiyechaguliwa huishia wapi?
Msomaji, Mombasa

Brian Bowen, wa kwanza kabisa kusajiliwa Next Stars, hakuchaguliwa katika drafti ya 2019, akaanza na mkataba mdogo wa Indiana Pacers unaomgawa mchezaji kati ya NBA na G League. Makur Maker, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Perth, alikwenda Sydney Kings mwaka 2021 baada ya chuo cha Howard, akapata dakika chache, na drafti ya 2022 ikampita. Mikataba ya namna hiyo ikiisha, kijana anarudi sokoni kama mchezaji wa kigeni wa kawaida, na hapo klabu inamlinganisha na Mmarekani wa miaka 26 mwenye uzoefu, bila huruma ya umri. Ndiyo sababu kila mzazi anapaswa kuuliza mapema mkataba unasema nini kuhusu msimu wa pili na kuhusu majeraha. Mjerumani Ariel Hukporti alijiunga na Melbourne United mwaka 2021, akakosa msimu mzima kwa kukatika kano ya kisigino, akarudi, na mwaka 2024 akachukuliwa kwa nafasi ya 58, ya mwisho kabisa, akaenda New York Knicks. Ilikuwa nafasi ya raundi ya pili, ambayo kanuni za NBA haziihakikishii mshahara.